Mkataba wa mtu na nafsi yake: kisa cha Crédit Mobilier na reli ya Union Pacific, 1864 hadi 1873

Watu wakiongelea matajiri wa Marekani wa karne ya 19 wanakimbilia Rockefeller na Carnegie, na wakiongelea ufisadi wanakimbilia rushwa, nani alimpa nani bahasha. Kisa hiki, cha wakuu wa reli ya Union Pacific ya Marekani waliojipa wenyewe kazi ya kuijenga kupitia kampuni yao ya pili, Crédit Mobilier, nimekichagua kwa sababu bahasha iliyopigiwa kelele ndani yake ilikuja mwishoni kabisa, hela kubwa ilikuwa imeshaanza kutoka miaka kadhaa nyuma, tena kwa mikataba iliyosainiwa mchana kweupe na mihuri yake yote. Nimefanya ukaguzi wa hesabu za miradi kwa muda mrefu na kila nikirudi kwenye kisa hiki naona kitu ambacho wengi wanakiruka, yaani swali la nani anasaini upande wa mnunuzi na nani anasaini upande wa muuzaji.

Majina niliyoyaweka ni ya wanasiasa na wakuu wa kampuni ambao wapo kwenye ripoti za Bunge lao na kwenye historia inayojulikana. Makarani, vibarua na mashahidi wadogo nimewaacha bila majina, wao hawakuamua chochote.

Usuli

Julai 1, 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Lincoln alisaini sheria ya kujenga reli ya kuunganisha mashariki na Pasifiki. Kampuni mbili zikapewa kazi. Central Pacific ianzie Sacramento kule California ije mashariki, Union Pacific ianzie upande wa mto Missouri, Omaha, iende magharibi. Mwisho wa kumaliza ukawekwa Julai 1876.

Serikali haikutoa hela taslimu, ilitoa hatifungani zake za miaka 30 kwa riba ya asilimia 6, kampuni ikaziuze sokoni ipate mtaji halafu deni lilipwe baadaye. Kiwango kilikuwa kwa maili: dola 16,000 sehemu tambarare, 32,000 sehemu za nyanda za juu, 48,000 milimani. Juu ya hapo kulikuwa na ardhi, na ardhi yenyewe ilikuwa ya Wacheyenne, Walakota, Wapawnee na wengine ambao hakuna aliyewauliza. Hili nalisema mapema kwa sababu kwenye hesabu zote zitakazofuata ardhi inahesabiwa kama vile ilikuwa haina mwenyewe.

Tatizo la kampuni likawa kupata wanahisa. Sheria ilisema hisa ziuzwe kwa hela kamili, kwa bei iliyoandikwa kwenye cheti, bila punguzo, na mtu mmoja asizidishe hisa 200. Nani anaweka hela yake kwenye reli inayopita maili elfu moja za nyika isiyo na abiria wala mzigo, katikati ya vita? Karibu hakuna. Hapo ndipo akaingia Thomas Durant, mtu aliyesomea udaktari kisha akaingia kwenye reli na hisa, ndio maana walikuwa wanamwita Doc. Alizunguka ile sheria ya hisa 200 kwa kuwalipia watu wengine malipo ya awali ya hisa zao ili majina yawe yao na kura ziwe zake. Akawa makamu wa rais wa Union Pacific na mwenye kauli ya mwisho kwa vitendo, rais mwenyewe alikuwa Jenerali John Dix ambaye muda mwingi alikuwa na kazi za jeshi.

Mwaka 1864 sheria ikarekebishwa. Ardhi ikaongezwa mara mbili, kutoka vipande kumi hadi ishirini vya maili moja ya mraba kwa kila maili ya reli, yaani ekari 12,800 kwa maili moja. Na kubwa zaidi, kampuni ikaruhusiwa kutoa hatifungani zake yenyewe kiasi kile kile cha zile za serikali, halafu za kampuni ndizo zilipwe kwanza. Kwa hiyo serikali ilikubali kusogea nyuma kwenye foleni ya wadai wakati ndiyo iliyoubeba mradi. Yalipatikanaje marekebisho hayo? Miaka tisa baadaye ikaja kujulikana kuwa mpambe mmoja wa Washington, Joseph Stewart, alikabidhiwa hatifungani za karibu dola 250,000 azigawe. Alipoulizwa na kamati ya Bunge kampa nani alikataa kutaja hata jina moja, wakamweka kizuizini na bado hakusema.

Kilichotokea: mhandisi, mkandarasi wa jina, na kampuni ya mfukoni

Mhandisi mkuu alikuwa Peter Dey, mtu wa Iowa, mtaratibu, mwenye kuijua njia ile kwa miguu yake. Makadirio yake kwa sehemu ya kwanza, bonde la mto Platte ambako nchi ni bapa kama meza, yalikuwa dola 30,000 kwa maili kwa kiwango cha juu. Agosti 1864 akajitokeza Herbert Hoxie, mtu wa siasa za Iowa ambaye hakuwa na uwezo wa kujenga hata kituo kimoja, akaandika barua ya kuomba kujenga maili 100 kwa dola 50,000 kila maili. Ikakubaliwa. Wiki chache mbele mkataba ukaongezwa hadi maili 247 kwa bei ile ile.

Hebu piga hesabu. Maili 247 kwa 50,000 ni dola 12,350,000. Kwa makadirio ya Dey ni 7,410,000. Tofauti ni karibu dola milioni tano, na jembe bado halijachimba chochote cha maana. Hoxie hakukusudia kujenga, alikuwa jina tu la kuandika kwenye karatasi, akapewa shukrani yake ndogo na mkataba akauhamishia kwa Durant na wenzake.

Desemba 1864 Dey akaandika barua ya kujiuzulu kwa Jenerali Dix. Alisema waziwazi kwamba mkataba ule hawezi kuubariki, na kwamba anaiacha nafasi ambayo kwake ilikuwa bora kuliko zote katika fani yake nchini. Soma tena hapo. Mtu ana kazi ambayo kila mhandisi wa wakati ule angeililia na anaiacha kwa sababu ya tarakimu moja kwenye mkataba.

Sasa Durant na wenzake walikuwa na mkataba mkononi ila wana hofu. Wakijenga kwa majina yao na mradi ukaanguka watadaiwa hadi nyumba zao. Wakageukia kampuni ya Pennsylvania, iliyosajiliwa 1859, yenye hati pana inayoruhusu kufanya karibu biashara yoyote na inayosema mwenye hisa hadaiwi zaidi ya alichoweka. Durant alikuwa ameshaichukua mapema mwaka 1864, kabla hata ya mkataba wa Hoxie, na ikabadilishwa jina kuwa Crédit Mobilier of America, jina la kuazima kutoka benki maarufu ya Ufaransa, pendekezo la George Francis Train aliyekuwa mtu wa maneno mengi na mipango mikubwa.

Mzunguko wenyewe ulikuwa hivi, na naomba usome polepole maana hapa ndipo kisa kizima kilipo. Wanahisa wakubwa wa Union Pacific ndio hao hao wanahisa wa Crédit Mobilier. Wakikaa upande wa Union Pacific wanaidhinisha bei, wakihamia kiti cha pili wanaipokea. Union Pacific inaiandikia Crédit Mobilier hundi ya ujenzi, Crédit Mobilier inachukua hundi ile ile inanunulia hisa na hatifungani za Union Pacific kwa bei kamili ya kwenye cheti, kwa hiyo sheria ya kutouza kwa punguzo imetimizwa kwenye vitabu, halafu Crédit Mobilier inaziuza hatifungani sokoni kwa bei ya kweli na hisa inawagawia wenyewe. Kwa kuwa bei ya ujenzi imeshatunishwa vya kutosha, hasara ya kuuza chini inafunikwa na bado inabaki faida nono. Reli inabaki na deni, wao wanabaki na hela.

Ames anaingia, na hela inaanza kugawanywa

Ndugu wawili wa Massachusetts, Oakes na Oliver Ames, walikuwa matajiri wa kutengeneza sepetu na koleo. (Massachusetts hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ikileta kitambaa cha merikani Zanzibar kupitia wafanyabiashara wa Salem, hela ya viwanda vya kule ilikuwa inatafuta pa kwenda dunia nzima.) Oakes alikuwa pia mbunge tangu 1863. Waliweka hela zao nyingi na za kweli, hili tusiwanyime, mwaka 1865 na 1866 bila wao kazi ingesimama. Oliver akashika urais wa Union Pacific.

Wakagombana na Durant. Mei 1867 Durant akatolewa kwenye uongozi wa Crédit Mobilier, akakimbilia mahakamani kuzuia kila mkataba, na muafaka wao ulikuwa wa ajabu kweli: Agosti 1867 Oakes Ames, mbunge, akapewa kwa jina lake binafsi mkataba wa maili 667 kwa bei za dola 42,000 hadi 96,000 kwa maili, jumla karibu dola milioni 48, halafu akauhamishia kwa wadhamini saba, Durant akiwemo, na faida ikaenda kwa wanahisa wa Crédit Mobilier. Sehemu ya maili hizo ilikuwa imeshajengwa tayari kwa bei ya chini.

Kuanzia Desemba 1867 gawio likaanza kumiminika. Ukijumlisha fedha taslimu, hatifungani na hisa za Union Pacific kwa bei ya kwenye cheti, magawio ya mwaka 1868 peke yake yalizidi mara mbili ya bei ya hisa. Na ndipo Bungeni mbunge Cadwallader Washburn wa Wisconsin akaleta muswada wa kudhibiti nauli za reli ile. Ames akaona hatari. Alikuwa na hisa 343 za Crédit Mobilier zilizowekwa kwa jina lake kama mdhamini, akaanza kuwapitia wabunge wenzake na maseneta, ishirini huku, kumi kule, kwa bei ya zamani ya dola 100 pamoja na riba ya miezi michache wakati kila aliyekuwa ndani anajua zina thamani zaidi. Asiye na hela akaambiwa usijali, gawio litalipa. Kuna waliopata hisa bila kutoa senti, gawio la kwanza likalipa hisa na gawio la pili likawa mfukoni.

Na akaandika. Januari 1868 alimwandikia mwenzake Henry McComb barua kwamba hisa ameziweka mahali zitakapoleta faida kubwa kwao, na kwamba wanahitaji marafiki zaidi katika Bunge hili, kwa sababu ni vigumu kumfanya mtu aisome sheria mpaka awe na maslahi ndani yake. McComb alikuwa anadai hisa zake, hakuridhika, akafungua kesi mwaka huo huo, na barua zikawa ushahidi.

Maamuzi yao na sababu walizokuwa nazo

Sitaki kumfanya kila mtu hapa mwizi aliyeamka asubuhi akasema leo naiba. Uamuzi wa kutumia kampuni ya pili ulikuwa na sababu inayoeleweka, mradi ulikuwa wa hatari na hakuna mwenye akili angeweka mali yake yote. Kampuni za reli nyingi za wakati ule zilijenga kwa mtindo huo. Wangeweza kupata ngao hiyo ya kisheria na bado wakaita mkandarasi wa nje na wakafuata makadirio ya mhandisi wao. Hawakufanya hivyo kwa sababu hawakuamini reli ingeleta faida ikianza kutembea. Durant hasa aliamini hela ipo kwenye kujenga, kuendesha watahangaika wengine. Ukishaamini hivyo kila uamuzi unajielekeza wenyewe: refusha njia, tunisha bei, gawana mapema. Ile kona iliyoongezwa karibu na Omaha, maili tisa zaidi ambazo Dey alizipinga, ilikuwa na maana hiyo hiyo, maili tisa ni hatifungani na ardhi ya maili tisa.

Uamuzi wa Bunge kulipa kwa maili nao ulikuwa na sababu yake, walitaka haraka na walitaka malipo yafuate kazi iliyoonekana. Ila kulipa kwa maili kulifanya urefu uwe bidhaa. Mwaka 1869 kule Utah timu za kampuni mbili zilipishana, kila moja ikaendelea kutengeneza tuta lake sambamba na la mwenzake kwa zaidi ya maili 200, mpaka Aprili Bunge likaamua wakutane Promontory.

Na Ames? Mpaka anakufa aliamini hakuhonga mtu. Hoja yake ilikuwa hakuomba kura maalum kwa yeyote, aliuza tu hisa kwa marafiki. Naamini alikuwa anasema kweli juu ya nafsi yake, na hilo ndilo linanisumbua zaidi kuliko kama angekuwa mwongo.

Matokeo

Mei 10, 1869 reli zikaungana Promontory, miaka saba kabla ya muda. Maili 1,086 za Union Pacific, 690 za Central Pacific. Durant alichelewa kufika, treni yake ilizuiwa Piedmont, Wyoming, na wafanyakazi waliokuwa wanadai mishahara ya miezi. Hela ya magawio ilikuwepo, ya vibarua ilikuwa bado haijafika. Sehemu nyingine mataruma yalikuwa ya miti laini ya kandokando ya mito inayooza haraka, na zipo reli zilizolazwa juu ya ardhi iliyoganda wakati wa baridi, ikabidi kazi irudiwe.

Septemba 4, 1872, katikati ya kampeni za urais, gazeti la New York Sun likachapisha barua za Ames. Spika James Blaine, naye akiwa ametajwa, akaomba mwenyewe kamati iundwe. Kamati ya kwanza chini ya Luke Poland iliangalia wabunge, ya pili chini ya Jeremiah Wilson iliangalia hela.

Kilichofuata ni aibu juu ya aibu. Makamu wa Rais Schuyler Colfax aliapa hajapokea kitu. Ames akatoa daftari lake na hundi ya dola 1,200 ya Juni 1868 yenye herufi za mwanzo za Colfax. Kamati ikaenda benki, ikakuta siku mbili baada ya hundi ile Colfax aliweka dola 1,200 taslimu. Akajieleza kwamba 200 alipewa na baba yake wa kambo na 1,000 ilikuja kwenye barua kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa anamchangia, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshafariki. Mfanyabiashara huyo ikagundulika alikuwa anauzia serikali bahasha za posta, na Colfax aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayohusika na posta. Yaani alijitetea dhidi ya tuhuma moja kwa kufungua nyingine. James Garfield alikutwa na dola 329, akasema ulikuwa mkopo, na mwaka 1880 alipogombea urais wapinzani wakaandika 329 kwenye kuta na barabara. Alishinda.

Kamati ya Wilson ilikadiria gharama halisi ya ujenzi kwa wakandarasi kuwa karibu dola milioni 50.7 wakati Union Pacific ilitozwa milioni 93.5. Faida kwa thamani ya taslimu waliikadiria kuwa zaidi ya milioni 23. Wanahistoria wa baadaye wameishusha, wanasema hatari iliyobebwa ihesabiwe pia, lakini hakuna anayesema ilikuwa ndogo.

Februari 27, 1873 Bunge likapiga kura. Kamati ilipendekeza Ames afukuzwe pamoja na James Brooks wa New York, ambaye alikuwa mkurugenzi wa upande wa serikali ndani ya Union Pacific, amekatazwa na sheria kuwa na hisa za reli hiyo, na hisa zake za Crédit Mobilier akaziweka kwa jina la mkwewe. Bunge likapunguza adhabu, wakakaripiwa tu. Brooks alifariki Aprili 30, Ames Mei 8, mwaka huo huo. Seneta Patterson wa New Hampshire alipendekezewa kufukuzwa, muda wake ukaisha Machi kabla ya kura. Wengine hawakupewa adhabu yoyote.

Septemba 1873 benki ya Jay Cooke, iliyokuwa imezama kwenye reli nyingine ya kwenda Pasifiki, ikafunga milango na nchi ikaingia kwenye mdororo wa miaka. Mwaka uliofuata Jay Gould akaishika Union Pacific. Kampuni ilibeba deni lile mpaka ikafilisika 1893.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi maana ni kidogo. Makadirio ya Dey yalifanya kazi, kwa maana kwamba yaliandikwa, yakabaki, na kila mchunguzi aliyekuja baadaye alikuwa na tarakimu ya kulinganisha. Bila 30,000 ya Dey ile 50,000 ingekuwa bei tu kama bei nyingine. Dey mwenyewe baadaye aliteuliwa kamishna wa reli wa jimbo la Iowa akakaa huko miaka mingi. Kilichofanya kazi cha pili ni ugomvi. Wizi huu haukugunduliwa na mkaguzi wa serikali hata mmoja, uligunduliwa kwa sababu McComb aliona amepunjwa. Mwaka 1869 Charles Francis Adams mdogo, mwandishi wa mambo ya reli, alishaandika hadharani kwamba watu hawa hawa wanapiga kura ya ruzuku Washington, wanaipokea New York, wanaitumia nyikani na kuigawana Crédit Mobilier. Sentensi ile ilikuwa na kisa kizima ndani yake na ikapita miaka mitatu bila mtu kushtuka, mpaka mapato ya mtu mmoja yalipoguswa.

Kilichofeli kikubwa ni viti viwili kukaliwa na mtu mmoja. Nimewahi kukaa na jalada la mradi mmoja ambapo saini ya anayeomba malipo na ya anayeidhinisha zilikuwa mwandiko mmoja, wino tofauti tu, na kila karatasi ilikuwa imekamilika, risiti zipo, mihutasari ipo, huwezi kuonyesha kosa ukurasa kwa ukurasa. Crédit Mobilier ilikuwa hivyo kwa ukubwa wa bara zima. Ulinzi pekee kwenye mkataba ni kwamba mnunuzi anataka bei ishuke na muuzaji anataka ipande. Ukiondoa mmoja, makaratasi yote yanayobaki ni mapambo. Wakurugenzi wa serikali waliwekwa ndani ya bodi kwa sababu hiyo hasa, wawe mnunuzi wa kweli, na tumeona Brooks alichofanya na nafasi yake.

Kamati ya Poland nayo ilifeli kwa namna ya pekee. Ilisema Ames ana hatia ya kuhonga, ila karibu wote waliopokea hawakujua kuwa wanahongwa. Sasa rushwa yenye mtoaji bila mpokeaji ni kitu gani? Walihitaji kafara na Ames alikuwa na daftari, kwa hiyo aliyeandika kila kitu akaadhibiwa na wasioandika wakasalimika. Umma ukabaki unahesabu dola 329 na dola 1,200, vijisenti ukilinganisha, wakati zile milioni zilikuwa kwenye ripoti ya pili ambayo haikuwa na majina matamu ya kusoma. Hapo ndipo naona watu wanapotea hata leo wakisimulia kisa hiki. Hisa za wabunge zilikuwa uzio wa kulinda shamba, mavuno yalikuwa kwenye bei ya maili.

Serikali ilijaribu kuzifuata zile milioni. Bunge liliagiza kesi, ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ikashindwa. Majaji walisema deni la serikali ni la miaka 30 na muda haujafika, kwa hiyo kama mdai bado haijaumia, na kampuni yenyewe haiwezi kulalamika kwa sababu wanahisa wake walikubali. Ndivyo ilivyokuwa, wenye haki ya kulalamika walikuwa walewale waliogawana. Mwaka 1878 sheria nyingine ikalazimisha kampuni itenge asilimia 25 ya mapato halisi kwa ajili ya deni, na deni likaja kulipwa mwishoni mwa karne, kwa hiyo kuna wanaosema basi hakuna aliyeibiwa, reli ipo na hela imerudi. Nawauliza nauli ililipwa na nani miaka yote hiyo. Kila mkulima wa Nebraska aliyesafirisha ngano alikuwa analipia riba ya dola ambazo hazikuwahi kugeuka kuwa chuma wala taruma.

Na yote haya tunayajua ya upande mmoja tu. Upande wa magharibi wakuu wanne wa Central Pacific, Leland Stanford, Collis Huntington, Mark Hopkins na Charles Crocker, walikuwa na kampuni yao ya ujenzi kwa mtindo ule ule, Contract and Finance Company, na maelfu ya Wachina wakichimba mahandaki ya Sierra Nevada kwa dola 30 hadi 35 kwa mwezi, chakula juu yao. Wachunguzi walipoomba vitabu vyake vilikuwa havipo, vimeharibiwa. Hakuna aliyekaripiwa, na mwaka 1885 Stanford aliingia Seneti.